Keki ya harusi ya nje kwenye joto la Dar: namna ya kuifikisha nzima mpaka saa ya kukata

Kuanzia Desemba mpaka Machi hapa Dar kila Jumamosi kuna harusi bustanini au ufukweni, na kila Jumapili asubuhi kuna mwoka keki mwenzetu amekaa kitandani na simu mkononi anaangalia picha ya keki iliyolalia ubavu, hajui aanze vipi kumjibu mteja. Ni kipindi cha kaskazi hiki, mchana joto linafika 31, 32, siku nyingine 33, usiku unasema sasa litapungua linagoma kwenye 25 au 26, alafu unyevu wa bahari juu yake, mtu unatoka kuoga na hapo hapo shingo imelowa. Sasa kama wewe mwenye feni na maji ya baridi unateseka, fikiria kitu kilichojengwa kwa siagi na sukari kimesimama peke yake mezani toka alasiri.

Mimi naoka keki za harusi nyumbani, oveni mbili na friji moja kubwa. Haya nawaandikia waoka wenzangu lakini maharusi na kamati nao wakisoma itawasaidia sana, maana mambo mengine hayapo mikononi mwa mwoka kabisa, yapo kwenye ratiba yenu.

Kabla hujafikiria aisingi wala maua, hesabu masaa. Chukua karatasi andika keki inatoka saa ngapi kwenye friji, inaingia saa ngapi kwenye gari, inafika saa ngapi, inakatwa saa ngapi, mgeni wa mwisho anaila saa ngapi. Harusi zetu tunazijua. Kadi imeandikwa saa 12 jioni, wageni wanaanza kuonekana saa 1, maharusi wako kwenye picha wanaingia saa 2 usiku, hapo bado utambulisho wa ndugu pande zote mbili, bado shampeni, keki inakatwa saa 3 na kitu. Huku mpambaji anataka keki iwe mezani saa 9 alasiri ili apange maua yake na apige picha eneo likiwa halina watu. Kutoka saa 9 alasiri mpaka saa 3 usiku ni masaa 6, na katika hayo 6, zaidi ya matatu na nusu ya kwanza jua bado lipo, kwasababu kipindi hiki Dar linazama saa 12 na dakika 40 hivi. Ukiweza kubembeleza keki iingie saa 12 na nusu badala ya saa 9 umeshamaliza zaidi ya nusu ya kazi na hujanunua kitu chochote. Kwahiyo siku unapokea oda, kabla ya kuongelea dizaini, omba namba ya MC na ya mpambaji. MC ndiye anayejua ukweli wa ratiba.

Mimi hili nililijua kwenye harusi moja Kigamboni, mwaka wangu wa tatu kwenye kazi hii. Keki ya tabaka nne, bibi harusi aliomba batakrimu, ile aisingi ya kupiga siagi na sukari, ya siagi tupu kwasababu ya ladha nikakubali, mpambaji akataka keki mapema nikakubali tena. Nikaiweka saa 9, iko chini ya hema, kivuli safi kabisa, nikapiga picha nikaondoka nimeridhika. Ambacho sikukifikiria ni kwamba jua linatembea. Ilipofika saa 11 limeshashuka magharibi linapiga kwa chini ya hema, moja kwa moja kwenye meza ya keki. Niliporudi ile batakrimu inang'aa, yaani inang'aa kama mguu uliopakwa mafuta ya nazi, na pale tabaka la pili linapokutana na la tatu kuna mstari mwembamba wa mafuta ya njano unashuka taratibu, na tabaka la tatu limesogea mbele kama upana wa vidole viwili. Mama wa bibi harusi alikuwa amesimama pale na gauni lake la sherehe, hakunigombeza, aliniuliza tu, mwanangu sasa tunafanyaje. Tulitoa tabaka la tatu, la juu tukalishusha likakaa juu ya la pili, nikaziba pale palipochubuka kwa maua, keki ikakatwa ikiwa ya tabaka tatu. Nusu ya hela nilirudisha. Sauti ya yule mama naisikia mpaka leo kila nikipokea oda ya nje.

Kwahiyo eneo nenda ukalione mwenyewe, na uende saa 10 na nusu mpaka saa 11 jioni, sio asubuhi ukiwa na nafasi. Simama pale meza itakapokaa alafu geukia magharibi, kama jua linakupiga usoni basi keki nayo itapigwa. Na ukiweza nenda ndani ya mwezi ule ule wa harusi, maana Desemba na Januari jua linazamia upande wa magharibi kuelekea kusini, mwezi wa sita linazamia kuelekea kaskazini, ukienda kuangalia Juni kwa ajili ya harusi ya Desemba kile kivuli ulichokiona hutakikuta. Mwombe mpambaji pazia zito upande huo hata kama ni kwa muda, wakishaingia wageni anatoa.

Sasa tuje kwenye siagi yenyewe. Siagi halisi ya maziwa ikifika 28 imeshalegea haishiki umbo, na kati ya 32 na 35 inayeyuka kabisa. Linganisha na joto la mchana Dar utaona namba ni zile zile, yaani ukiweka batakrimu ya siagi tupu nje saa 9 unaiweka kwenye joto lake la kuyeyukia. Mafuta ya mgando yanavumilia zaidi. Mimi kwa harusi ya nje nachanganya nusu kwa nusu: gramu 250 za siagi, gramu 250 za mafuta ya mgando yale meupe yasiyo na harufu, kilo 1 ya sukari ya aisingi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vanila, na kijiko kikubwa kimoja na nusu cha konflawa ili ivute unyevu. Maziwa siweki, kama ni nzito sana naongeza maji kijiko kimoja kimoja. Ladha inapungua kidogo na ulimi unabaki na utando wa mafuta, hilo mwambie mteja mapema na umuonjeshe, mteja aliyeonja na kukubali ni tofauti na mteja aliyeshtukizwa. Zile batakrimu za ute wa mayai ni laini na tamu kweli lakini peleka kwenye ukumbi wenye AC. Wiping krimu na krimu chizi kwa harusi ya nje mimi nakataa, hata mteja akinuna. Bora akose ladha moja kuliko wageni wake kuumwa matumbo.

Ninachokipenda kuliko vyote kwa joto hili ni ganashi, yaani chokleti iliyoyeyushwa kwa krimu. Siagi ya kakao inaanza kuyeyuka karibu na 34, lakini ganashi ukiipika nzito inajenga ukuta mgumu kuzunguka keki na ule ukuta ndio unaobeba kila kitu. Kawaida tunatumia chokleti nyeusi mara mbili ya krimu, kwa kipindi hiki mimi naongeza, kilo 1 ya chokleti nyeusi kwa gramu 400 za krimu, na chokleti nyeupe kwasababu ni laini zaidi kilo 1 kwa gramu 250 tu. Hakikisha ni chokleti yenye siagi ya kakao. Pasha krimu mpaka ianze kuchemka, mwagia juu ya chokleti iliyokatwakatwa, acha dakika 3 bila kugusa, koroga kutoka katikati kwenda nje, alafu iache ilale usiku mzima mezani ikiwa imefunikwa. Asubuhi itakuwa kama siagi ya karanga, hapo ndio inapakika vizuri. Ikipakwa na kuingia kwenye friji inakuwa ngumu, ukigonga kwa ukucha unasikia ko ko.

Juu ya ganashi ndio inakuja fondanti, ile sukari ya kukanda inayotandazwa kama chapati kufunika keki, na fondanti ina tabia yake. Ni sukari, na sukari inapenda maji, Dar hewa yenyewe ni maji. Utaiona inanata, inang'aa, alafu inaanza kushuka na kufanya tumbo pale chini ya tabaka. Ongeza unga wa CMC, ule wa kukazia fondanti, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya fondanti ya kufunikia na kijiko kizima kwa ile ya kutengenezea maua, kanda, iache ipumzike masaa kadhaa. Usiitandaze nene, milimita 4 inatosha, nene inajivuta yenyewe kwa uzito. Rangi kali kama nyekundu, nyeusi na bluu ya giza zikipata unyevu zinachuruzika zinachafua nyeupe iliyo jirani, na zambarau na pinki zikikaa kwenye mwanga mkali zinapauka, nimeshaona zambarau ya asubuhi ikawa bluu ya kufifia jioni. Jambo lingine, fondanti nyingi za dukani zina jeletini, ambayo inaweza kuwa ya nguruwe, familia za Kiislamu waambie na wasomee lebo pamoja, usingoje waulize.

Na kuna ile aisingi ngumu ya ute wa mayai na sukari, ile ya keki za wazazi wetu unazoziona kwenye albamu, nyeupe pee na vinguzo vya plastiki katikati. Ndani ilikuwa keki ya matunda makavu. Keki ya Malkia Elizabeth alipoolewa 1947 nayo ilikuwa ya matunda, tabaka 4, kimo kama futi 9. Ile ni keki iliyojaa sukari na zabibu, maji ya kuchezea bakteria hayapo, inakaa wiki mpaka miezi nje ya friji ikiwa imefungwa vizuri. Mteja akija anapenda keki ya matunda mimi nafurahi kweli kweli, hata iwe Februari nalala usingizi. Ile aisingi ngumu siku hizi itengeneze kwa unga wa ute wa mayai uliokaushwa badala ya ute mbichi.

Kama sio ya matunda basi chagua keki ya mafuta ya maji. Chokleti, karoti, ndizi, au vanila ambayo umeweka nusu siagi nusu mafuta ya alizeti. Sababu ni hii, keki ya siagi tupu ikitoka kwenye friji inakuwa ngumu kama tofali na mtu akiila ya baridi anadhani imekauka, ya mafuta inabaki laini hata ikiwa ya baridi, na sisi keki yetu lazima ilale kwenye friji. Ikishapoa ipake sharubati ya sukari, kikombe kimoja cha maji kwa kikombe kimoja cha sukari, chemsha, poza, paka kwa brashi, usimwage. Keki iliyookwa Alhamisi ukiipaka hivyo na kuifunga nailoni Jumamosi inalika kama ya jana.

Katikati weka jamu ya nanasi au ya embe uliyoipika mpaka ikakauka vizuri, karameli, au ganashi hiyo hiyo. Usiweke matunda mabichi, yanatoa maji, na usiweke kastadi wala ule uji mzito wa pasheni uliopikwa na mayai (passion curd). Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema vitu vya maziwa na mayai vinavyoharibika haraka, kama hivyo vya kastadi na wiping krimu, visikae nje ya friji zaidi ya masaa 2, na joto likizidi 32 ni saa 1 tu. Rudi kwenye karatasi yako ya masaa uone kama harusi yako inaruhusu. Kumbuka kwetu kipande cha kwanza wanalishwa wazazi na bibi na babu waliotoka mkoani, na watoto wadogo ndio wanaorudi kuomba cha pili, hao ndio chakula kibaya kinawashika haraka.

Baridi. Hapa ndio watu wengi wanakosea, wanaogopa friji kwasababu keki ikitoka inatoa jasho. Mimi keki yangu lazima ilale kwenye friji usiku mzima, keki kubwa iliyopoa mpaka moyoni inachukua masaa kupata joto, ni kama umebeba barafu ndani ya keki yenyewe. Jasho linatokana na hewa ya joto yenye unyevu kugusa kitu cha baridi, kama glasi ya soda inavyolowa nje. Basi fanya hewa iguse boksi badala ya keki. Weka keki ndani ya boksi la karatasi, zungushia nailoni boksi lote mpaka hakuna upenyo, ingiza kwenye friji hivyo hivyo. Ukitoa usifungue. Acha kwenye boksi lake masaa mawili matatu, utaona matone yanafanyika juu ya nailoni, mengi tu, futa kwa kitambaa, keki ndani imekaa kavu. Na ikitokea umefungua mapema fondanti ikalowa, usiiguse, usifute kwa tishu hata kama mikono inawasha, ukigusa kidole kinabaki pale milele. Weka feni kwa mbali, hewa kavu, itakauka yenyewe. Umeme ukikatika usiku usifungue friji kuangalia, likiwa limefungwa linashika baridi kama masaa 4.

Kwenye kujenga sitakaa sana. Kila tabaka na ubao wake, ndani ya kila tabaka linalobeba jingine vijiti vitano sita vilivyokatwa sawa sawa, na kijiti kimoja kirefu kilichochongwa ncha kinachopita katikati kutoka juu mpaka kwenye ubao wa chini kabisa. Kile kirefu ndicho kingeniokoa Kigamboni. Watu wanakiona usumbufu kwasababu kinatoboa mbao zote, toboa tundu mapema kabla ya kupanga basi.

Safari sasa. Washa AC ya gari nusu saa kabla ya kuingiza keki, kiti chenye joto kinapika boksi kwa chini. Usiweke kwenye kiti, viti vina mteremko, weka kwenye sakafu iliyonyooka, gari kama Noah ukilaza viti vya nyuma unapata uwanja mzuri, na chini tandika kile kimpira chenye matundu cha kuzuia vitu visiteleze. Buti ya gari dogo iliyofungwa haipati AC na ni oveni kabisa. Keki ya tabaka tatu mbili za chini nabeba zikiwa zimeshikana, la juu linasafiri peke yake nalipanga huko huko. Kama ni mbali, mfano Bagamoyo ambako ni kama kilomita 70, kila tabaka na boksi lake. Ukienda Kigamboni pita Daraja la Nyerere japo utalipia, foleni ya pantoni hujui utakaa juani muda gani. Dereva awe mtu anayekusikiliza. Mwambie matuta yote tunapita kama tumebeba mgonjwa.

Ndani ya gari beba na begi la dharura: spatula mbili, nusu kilo ya batakrimu ya rangi ile ile, vijiti vya akiba, mkasi, brashi kavu, konflawa kidogo kwenye kitambaa, tochi, na pimamaji, ile ya mafundi ujenzi. Mafundi wa meza watakuambia iko sawa, bustani na mchanga havijawahi kuwa sawa. Niliwahi kukuta meza imezama upande mmoja sentimita mbili na kwa macho huoni kitu, ila keki ndefu juu yake itaona. Mchangani omba plaiwudi chini ya miguu ya meza. Na deli, yale ya kuuzia aiskrimu, lijaze barafu uweke batakrimu ya akiba humo, barafu la samaki pale Feri linapatikana asubuhi na mapema ila lifunge vizuri kwenye nailoni harufu isitoke.

Meza ikishakaa sawa kuna wageni wasio na kadi. Sisimizi kwanza. Bibi zetu walijua, miguu ya meza ndani ya bakuli za maji na sisimizi hapandi. Lakini kitambaa cha meza kikiburuza chini kinakuwa ngazi yao, kwahiyo mwambie mpambaji kitambaa kiishie sentimita 5 juu ya ardhi, bakuli hazionekani kwa mbali na sisimizi hana njia. Nzi wanakuja kabla jua halijazama, funika keki kwa chandarua chepesi kilichoshikiliwa na fremu kisiguse aisingi, tabaka dogo linaingia hata chini ya kawa la kufunikia chakula. Wanapoingia maharusi mtu mmoja anafunua, na huyo mtu awe na jina, mchague kabisa, mdogo wa bibi harusi au mtu wa kamati, kazi yake iwe hiyo moja.

Feni usiielekeze kwenye keki ikiwa ni zile zinazorusha ukungu wa maji. Ni nzuri kwa wageni, kwa fondanti ni mvua. Feni kavu ipitishe hewa pembeni. Upepo wa baharini wenyewe ukivuma unaleta mchanga na chumvi, weka pazia au maua marefu upande wa bahari. Taa nazo ziangalie, zile kubwa za video zikisimama mita moja kutoka kwenye keki zinatoa joto ambalo hukulipigia hesabu. Mwambie mpiga video asogee.

Maua mabichi yanapendeza lakini uliza yametoka wapi, mengi yamepuliziwa dawa. Shina lifunge utepe alafu liingize ndani ya kipande cha mrija kabla halijaingia kwenye keki, lisiguse chakula. Waridi linavumilia joto, asumini inanukia vizuri ila inanyauka ndani ya saa moja mbili. Oleanda, ile ya maua ya pinki na meupe inayopandwa sana kwenye bustani na kando ya barabara, ina sumu, isikaribie keki kabisa hata kama mpambaji anasema ni ya urembo tu.

Na kama eneo halina friji, halina jenereta, na ratiba haiwezi kusogea? Hapo mimi nashauri dami, yaani keki ya bandia, na wala sioni aibu kulisema. Tabaka za chini zinatengenezwa kwa lile dude jeupe jepesi linalokuja limezungushia TV mpya, linapakwa aisingi vizuri kama keki, tabaka moja tu la juu ndio keki ya kweli ya kukata na kulishana. Keki ya wageni iko kwenye trei jikoni, imepoa, inakatwa na kugawiwa. Picha zinatoka zile zile, mgeni anakula keki ya baridi na salama, na bei mara nyingi inashuka. Kitu kimoja tu, wazee wa pande zote mbili waambiwe kabla. Kuna familia zinaona keki ya wakwe isiyo ya kweli ni kuwadharau, kwahiyo zile keki ndogo za kuwakabidhi wazazi na wasimamizi tengeneza za kweli zote na zikae ndani ya deli mpaka MC aziite.

Ikifika saa ya kukata waelekeze maharusi wakate tabaka la chini kwa pembeni (kama ni dami, lile la juu), kisu kiwe kimechovywa maji ya moto na kufutwa. Wakishalishana na kulisha wazazi, keki iondoke mezani iende nyuma, usiiache pale kwa ajili ya picha za watu wanaopita. Huko nyuma shusha tabaka moja moja kuanzia juu, toa kijiti kirefu kwanza, alafu vijiti vifupi vyote, vihesabu, kama uliweka 18 vitoke 18, kijiti kisije kikaenda kwenye sahani ya mtoto. Gawa haraka. Kinachobaki kama kimekaa nje toka alasiri na kina maziwa ndani kisifungwe kwenye foili kupelekwa nyumbani, kimwage. Kama ni ya matunda au ya ganashi na imetoka friji jioni hiyo, funga nailoni mara mbili na foili juu, iandike tarehe, iende friza usiku huo huo kabla ya watu kuanza kucheza muziki, maana wakishaanza hakuna atakayekumbuka.